Pesa zangu zimelala kwenye chumvi ya Argentina: mtoto wa Katwe anasimulia hisa za lithiamu

MwanaKatwe (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Miaka mingi mimi ni msomaji wa pembeni humu, leo naweka uzi kwa sababu ndani ya wiki moja watu watatu wameniuliza kuhusu hisa za lithiamu, na mmoja ni mzee ambaye kiinua mgongo chake hakijamaliza hata mwezi benki. Nitasema yaliyonipata kwa pesa yangu mwenyewe. Jina la kampuni naliweka kapuni, bado iko sokoni na bado nina hisa zake.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa Katwe. Si Katwe ya Kampala ya mafundi vyuma, ni Katwe ya Kasese, ya ziwani. Mama yangu alirithi vidimbwi viwili vya chumvi kwa mama yake. Mtoto wa pale kabla hajajua kusoma anajua hili: unafungulia maji ya ziwa yaingie, unaziba kwa matope, unasubiri jua. Alfajiri unakuta juu pametanda utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa sufuriani. Ukiugusa kwa kidole unavunjika na kuzama. Ule unaozama ndio chumvi. Mvua ikikuwahi kabla hujavuna, maji yanazimuliwa, na wewe unarudi mwanzo.

Sasa 2022 niko Kampala, mhasibu, mshahara unatosha kodi na kubakisha kidogo. Nikaona picha ya Salar de Atacama, uwanda wa chumvi kule Chile: vidimbwi vya samawati na kijani vimepangwa jangwani, kimoja kinameza vidimbwi vyetu vingi vya Katwe. Nikasoma kwamba ndani ya maji yale mna lithiamu ya betri, inakaushwa juani miezi 12 hadi 18, halafu inapelekwa kiwandani kugeuzwa unga mweupe. Nikajiambia, kazi hii naijua toka tumboni. Hapo ndipo nilipopotea njia.

Mnakumbuka bei za wakati ule. Tani moja ya kaboneti ya lithiamu China ilikuwa kama yuani 40,000 mwaka 2020, Novemba 2022 ikafika karibu 600,000. Kila mtu alikuwa mjanja. Nikafungua akaunti kwa dalali wa hisa wa nje, nikatuma dola 1,500 (zaidi ya milioni tano za kwetu), nikanunua kampuni changa ya Kanada yenye leseni za utafutaji kwenye uwanda wa chumvi kaskazini magharibi ya Argentina. Senti 74 za Kanada kwa hisa.

Wiki ya tatu likatoka tangazo: kisima cha kwanza kimetoa miligramu 580 za lithiamu kwa lita. Hisa ikapanda hadi senti 91. Nilikuwa kwenye teksi, nikamwonyesha jirani yangu simu kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Leo ni senti 9. Dola 1,500 zimebaki kama 180. Na miligramu 580 zile hazikuwa uongo, bado ziko palepale chini ya ardhi. Hilo ndilo lililonichukua miaka miwili kuelewa. Nitaendelea, ngoja nile.

Kijana_wa_Kikuubo

Nimetandika mkeka. Mzee kula haraka.

BodaYaUmeme

Mkuu pole, ila usichome ghala kwa ajili ya panya mmoja. Mimi naendesha boda ya umeme hapa mjini, kila siku nabadilisha betri kituoni, na vituo vinaongezeka mbele ya macho yangu. Jinja wanaunda mabasi ya umeme. Hayo yote yanataka betri. Na kuna waliotajirika kwa hizihizi kampuni changa. Neo Lithium ya Kanada ilikuwa inatafuta tu, haijauza hata kilo moja, Zijin ya China ikainunua yote kwa dola za Kanada milioni 960. Tangazo lilitoka Oktoba 2021, dola 6.50 kila hisa. Aliyeingia mapema kwa senti yuko wapi sasa? Hayuko kwenye uzi wa vilio.

MwanaKatwe

Nimerudi. BodaYaUmeme, mfano wako ni wa kweli na siupingi. Mwaka huohuo Millennial Lithium nayo iligombewa na Wachina wawili, mwisho ikachukuliwa na Lithium Americas kwa dola milioni 400 hivi. Hizi ndizo hadithi nilizozisoma usiku kabla ya kununua. Tatizo ni kwamba walioshindwa hawaandikiwi habari. Kampuni inabadilisha jina, inahamia dhahabu au urani, na wewe unaendelea kushikilia karatasi.

Nimalizie ya pesa. Kampuni ya utafutaji haina kitu cha kuuza. Haina chumvi, haina lithiamu, ina shimo. Kisima kimoja kwenye nyanda zile, zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, ni gharama kubwa sana. Pesa inatoka wapi? Inachapisha hisa mpya. Nilipoingia kulikuwa na hisa milioni 60. Mwaka uliofuata wakauza nyingine kwa senti 30, na kila mnunuzi mkubwa akapewa juu yake haki ya kununua hisa moja zaidi kwa bei ileile hata ikipanda. Halafu wakauza tena. Leo ni milioni 210.

Fanyeni hesabu na mimi, mhasibu mzima sikuifanya. Milioni 60 mara senti 74 ni dola milioni 44 na kitu. Milioni 210 mara senti 9 ni kama milioni 19. Yaani kampuni yenyewe ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani, lakini hisa yangu imepoteza karibu asilimia 88. Sehemu ya hasara yangu haikuletwa na soko la lithiamu hata kidogo. Nilizimuliwa. Neno la mama yangu lilelile. Mvua iliingia kidimbwini na mimi nimekaa Ntinda naangalia rangi ya maji kwenye picha.

Nyundo_na_Dira

Uzi mzuri. Mimi ni mjiolojia, si wa lithiamu hasa, ila nimefanya kazi ya visima vya maji hapa Uganda miaka kumi na tatu. Niseme kuhusu zile miligramu 580, kwa sababu hapo ndipo watu wanapigwa bila mtu yeyote kudanganya.

Lithiamu ya kwenye mwamba haiendi popote. Ukichukua sampuli ya mwamba, mwaka ujao utaikuta. Ya maji ya chumvi ni kisima cha maji, hakuna siri. Swali la kwanza si maji yana lithiamu kiasi gani, ni maji mangapi yatakubali kutoka. Mchanga uliojaa maji unaweza kuwa na nafasi wazi asilimia 30, lakini ukipiga pampu yanatoka labda asilimia 10, mengine yanang'ang'ania chembe za mchanga. Udongo wa mfinyanzi ni mbaya zaidi, umejaa maji pomoni na haukupi hata kikombe.

Chukueni uwanda wa kilomita za mraba 50, unene wa mita 100, miligramu 500 kwa lita. Ukisema maji yanayotoka ni asilimia 5, unapata tani 125,000 za lithiamu. Zidisha kwa 5.32 kupata kaboneti, ni kama tani 665,000. Sasa mtu mwingine achukue uwanda uleule atumie nafasi zote wazi, asilimia 30. Ghafla ana tani milioni 4. Hakuna kisima kipya, hakuna tone jipya la maji. Kubadilisha namba moja kwenye jedwali kumempa mara sita.

Kwa hiyo ukisoma ripoti usikimbilie jumla. Tafuta hiyo asilimia waliipataje. Walichukua vipande vya ardhi kutoka ndani ya kisima vikapimwa maabara? Walipiga pampu siku ngapi mfululizo? Pampu ya saa sita haikuambii lolote. Inayofanya kazi mwezi mzima na kiwango cha lithiamu hakishuki, hiyo ni habari.

MamaChumvi

Mimi sijui hisa lakini nasoma na nacheka. Mwanangu, jirani akichimba kidimbwi upande wa chini wa changu, maji yangu yanapungua. Huko kwa Wachile hawagombani?

Nyundo_na_Dira

Mama, umeuliza swali ambalo wawekezaji wengi hawaliulizi. Wanagombana. Uwanda mmoja unaweza kugawanywa kwa kampuni nne, mistari imenyooka kwenye ramani, lakini maji hayajui mistari. Mwenye pampu kubwa anavuta ya jirani. Na ukivuta kwa nguvu, maji baridi ya pembezoni yanaingia kujaza nafasi, kisima chako kinaanza kutoa maji mepesi. Zaidi ya hapo kuna wanavijiji wa pembezoni na mifugo yao, wanaotegemea hayohayo maji baridi. Atacama malalamiko hayo yako mahakamani na barabarani miaka mingi.

MwanaKatwe

Kampuni yangu ilikuwa na asilimia 11 tu ya uwanda. Imeandikwa, ukurasa wa 40 na kitu. Niliishia ukurasa wa kwanza wenye picha.

MwalimuKemia

Nami nichangie, nafundisha kemia sekondari Fort Portal. Msisahau uchafu uliomo. Maji ya Atacama yana magnesiamu kama mara sita ya lithiamu. Uyuni ya Bolivia kama mara ishirini. Magnesiamu na lithiamu kwenye maji wana tabia zinazokaribiana, kuwatenganisha ni shida, unamwaga chokaa nyingi na kila hatua inapotea lithiamu. Ongeza kwamba Uyuni kuna msimu wa mvua wa kweli. Ndiyo maana Bolivia imekalia lithiamu nyingi kuliko karibu wote duniani, wakaanza mpango wa serikali mwaka 2008, na hadi leo wanachouza ni kidogo. Salar del Hombre Muerto ya Argentina ina lithiamu pungufu kuliko Atacama, lakini magnesiamu yake ni kama mara moja na nusu tu, na imezalisha tangu miaka ya tisini. Kwa hiyo mtu akikutajia lithiamu, muulize magnesiamu. Akinyamaza, umejibiwa.

Na sisi Uganda tuna somo letu wenyewe limesimama pale ziwani linaota kutu. Kile kiwanda cha Katwe kilichojengwa na Wajerumani kwenye miaka ya sabini. Chumvi ilikuwepo, soko lilikuwepo, mashine mpya. Mabomba yakaliwa na yaleyale maji yaliyopaswa kupita ndani yake, kazi ikasimama ndani ya muda mfupi. Naenda na wanafunzi kila mwaka. Wanapiga picha.

MamaChumvi

Na sisi tuliambiwa vidimbwi vyetu vitakufa kiwanda kikianza. Kiwanda ndicho kilichokufa.

Kijana_wa_Kikuubo

Banange 😂

BodaYaUmeme

Sawa, lakini mnaongea kama teknolojia imelala. Siku hizi kuna njia ya kuchuja lithiamu moja kwa moja bila vidimbwi. Maji yanapita kwenye chembe maalumu, lithiamu inanaswa, maji yanarudishwa ardhini. Saa badala ya miezi. Eramet ya Ufaransa imefungua kiwanda cha namna hiyo Argentina Julai 2024. Huko magnesiamu na mvua si tatizo tena.

Nyundo_na_Dira

Ni kweli ipo, na wala si mpya kabisa, Hombre Muerto wametumia aina yake kwa miaka mingi pamoja na vidimbwi. Lakini kila uwanda una maji yake. Chembe zinazofanya kazi hapa zinaweza kuziba kule. Na inataka umeme na maji baridi, mahali ambapo waya wa umeme wa karibu uko mbali mno. Kampuni changa ikisema "tutatumia uchujaji wa moja kwa moja", uliza kama wamejaribu kwa maji ya kisima chao wenyewe, lita ngapi, kwa muda gani. Ndoo moja iliyopelekwa maabara Vancouver ni jaribio la ndoo moja.

Halafu muda. Lithium Americas walianza kuchoronga Cauchari-Olaroz mwaka 2009. Lithiamu ya kwanza imetoka Juni 2023. Hao ni walioFANIKIWA, wakiwa na Ganfeng ya China ubavuni mwenye pesa. Miaka 14. Mtoto aliyezaliwa siku ya kisima cha kwanza alikuwa tayari yuko sekondari.

Afande_Mstaafu

Salamu kutoka Bombo. Huyo mzee wa kiinua mgongo aliyetajwa juu ni mimi, MwanaKatwe usione haya kunitaja. Jeshini tulifundishwa ukisikia mlio ulale kwanza, kisha ndio utafute umetoka wapi. Kwa hiyo nimelala, nauliza.

Kuna kundi la WhatsApp nimeingizwa. Wanauza hisa za lithiamu ya Ziwa Katwe. Sehemu moja ni shilingi milioni mbili, baada ya siku 90 unapata nne. Wana picha ya mzungu kavaa kofia ngumu amesimama ziwani. Wanasema serikali imeshakubali na nafasi zimebaki 30. Malipo kwa mobaili mani, namba ya mtu binafsi. Vijana, hii ni nini?

MamaChumvi

Afande, mimi niko ziwani hapa tangu saa kumi na moja alfajiri hadi jua kuzama. Mzungu mwenye kofia ngumu nimemwona mmoja, alikuwa mtalii, kofia ilikuwa ya baiskeli.

DalaliMpole

Mzee, shikamoo. Nafanya kazi kwenye kampuni ya udalali wa hisa Kampala, sitaji ipi. Nitakujibu kwa urefu kidogo.

Mtu yeyote anayekusanya pesa za umma Uganda kwa kuuza hisa anapaswa kuidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao, na unaweza kupiga simu kuuliza, hawatozi. Leseni za madini ni za Idara ya Jiolojia na Madini, Entebbe, na ramani yake iko mtandaoni: unaona eneo, mwenye leseni, aina yake na inaisha lini. Waambie wakupe namba ya leseni. Ni namba tu, haiwagharimu kitu.

Pili, lithiamu ya maji ya chumvi haizalishwi na kampuni yoyote Uganda. Ziwa Katwe linajulikana kwa sodiamu, potasiamu, kloridi, salfeti na kaboneti, yaani chumvi na magadi. Lithiamu inayozungumzwa zaidi Afrika ni ya kwenye miamba: Manono kule Kongo, Bikita Zimbabwe, Goulamina Mali. Anayekuambia Katwe itakurudishia mara mbili ndani ya siku 90, hata Atacama kwenyewe siku 90 chumvi ya kwanza ndiyo kwanza inatua chini ya kidimbwi.

Tatu, hata kampuni halali inaweza kukufunga. AVZ Minerals ilikuwa kwenye soko la hisa la Australia, inashikilia Manono, mwamba wenye lithiamu kubwa ajabu, hakuna aliyebisha. Ukaja mgogoro wa nani mwenye leseni. Mei 2022 hisa zikasimamishwa, mwaka 2024 ikaondolewa sokoni kabisa. Wenye hisa walikuwa hawawezi kuuza hata kwa hasara. Chile nako, lithiamu ni mali ya taifa tangu 1979, kampuni zinakodi tu. Aprili 2023 Rais Boric akatangaza kwamba serikali itashika usukani, na bei ya hisa za SQM, mzalishaji mkubwa wa lithiamu wa huko, ikaanguka kesho yake. Mexico waliitaifisha mwaka 2022. Argentina madini ni ya majimbo, kwa hiyo unashughulika na gavana.

Kijana_wa_Kikuubo

Na sisi tusijisahau, 2022 si tuliambiwa Uganda ina tani milioni 31 za mawe ya dhahabu, zitoe tani 320,000 za dhahabu safi? Nikamwambia boss wangu tufunge duka.

Nyundo_na_Dira

Dhahabu yote iliyochimbwa na binadamu tangu enzi za Mafarao ni kama tani 200,000. Lile lilinipa simu nyingi kutoka kwa wajomba.

Lakini mambo kama hayo ndiyo sababu ya kuwepo sheria za namna kampuni za madini zinavyotoa ripoti. Mwaka 1997 kampuni ya Kanada, Bre-X, ilikutwa imetia dhahabu ya nje ndani ya sampuli kutoka Indonesia. Mabilioni yalipotea. Kanada wakatunga sheria iitwayo NI 43-101 mwaka 2001, Australia wana ya kwao, JORC. Zinataka mtaalamu anayetajwa kwa jina aweke sahihi. Na zinapanga rasilimali kwa madaraja: ya kukisia, iliyoashiriwa, iliyopimwa. Ya kukisia maana yake tumechimba visima vichache, katikati tumejaza kwa akili. Watu wanaona "tani milioni 4" kwa herufi kubwa, "ya kukisia" kwa herufi za mchwa.

Dada_wa_Mbarara

Samahani nimechelewa, nimesoma yote. MwanaKatwe, ukipewa tena dola 1,500 leo utanunua au hutanunua? Acha kuzunguka.

MwanaKatwe

Dada, umenibana. Ningenunua, ila si ile na si zote.

Ningeanza na pesa ya kampuni kabla ya lithiamu yake. Kampuni za utafutaji zilizo soko la Australia zinalazimika kutoa hesabu ya fedha kila robo mwaka: wamebaki na kiasi gani, wametumia kiasi gani. Ukigawa moja kwa nyingine unajua wamebakiza robo ngapi kabla ya kuja kuzimua. Ile yangu ya Kanada ilikuwa na pesa ya miezi mitano siku niliyonunua. Miezi mitano! Mtu mwenye pesa ya miezi mitano lazima akuuzie habari njema mwezi wa nne. Nikirudi nyuma naona tangazo la miligramu 580 lilitoka, na siku 19 baadaye wakatangaza kuuza hisa mpya.

Kisha ningetazama matumizi. Mwaka wangu wa kwanza, kati ya kila dola waliyotumia, visima vilipata senti 38. Zilizobaki ni mishahara ya Vancouver, safari, mikutano, na kitu wanachokiita uhusiano na wawekezaji, yaani walimlipa mtu aandike makala niliyoisoma mimi nikashawishika. Nilijilipia kudanganywa.

Na ningeangalia jirani ni nani. Uwanda ambao tayari kuna mtu anazalisha, barabara ipo, maji yamezoeleka, mnunuzi mkubwa yuko upande wa pili wa uzio. Kampuni kubwa ya madini Rio Tinto walipoinunua Arcadium, mzalishaji wa lithiamu, kwa dola bilioni 6.7, walipata nyanda zinazofanya kazi, hawakununua matumaini. Anayetaka lithiamu bila presha ya moyo anaweza kununua wakubwa hao wenyewe. Hawatakupa mara kumi. Nao bei ikianguka wanaumia, yuani 600,000 zilikuwa chini ya 100,000 kufikia mwanzo wa 2024, na katikati ya 2025 ikagusa kama 60,000. Lakini hawazimi taa.

BodaYaUmeme yuko sahihi kwamba betri zinaongezeka. Kosa langu lilikuwa kudhani betri zikiongezeka basi hisa yangu lazima ipande. Betri ziliongezeka kila mwaka niliokuwa nashuka. Wengi walifungulia maji vidimbwini kwa wakati mmoja, chumvi ikajaa sokoni. Mama yangu angeniambia hilo bure, msimu wa kiangazi kila mtu Katwe ana chumvi na gunia halina bei.

BodaYaUmeme

Hapo nimekuelewa mkuu. Bado nitanunua kidogo, nitaleta mrejesho. Mkinicheka mnicheke humuhumu.

MwalimuKemia

Ukinunua, kumbuka na betri za sodiamu, CATL, watengeneza betri wa China, walizitangaza 2021. Zikishika kasi, MamaChumvi ndiye tutakayemwita bilionea.

MamaChumvi

Mniletee kwanza buti za mpira. Miguu imechanika.

Afande_Mstaafu

Ripoti ya kutoka uwanja wa mapambano. Jana saa mbili usiku niliwaomba namba ya leseni kwenye kundi lao la WhatsApp, kwa heshima. Msimamizi akasema maswali yapelekwe kwake faragha. Nikauliza tena mbele ya wote, nikataja Entebbe. Saa mbili na dakika nne nimeondolewa. Lakini wanajeshi wenzangu sita bado wamo ndani, wawili walishatuma. Nawapigia mmoja mmoja asubuhi hii. Mmoja amenikasirikia mimi.

DalaliMpole, zile hati fungani za serikali mwanangu anasema mtu anaanza na shilingi laki moja. Kweli?

DalaliMpole

Kweli mzee, laki moja. Riba ni ya tarakimu mbili, inalipwa kila miezi sita. Kodi inakatwa juu ya riba: asilimia 10 kwa zile za miaka 10 na zaidi, asilimia 20 kwa fupi zaidi. Unafungua akaunti kupitia benki yako. Na wale wawili waliotuma pesa waende polisi leo na ujumbe wa mobaili mani mkononi, wasifute mazungumzo.

Afande_Mstaafu

Nimepokea.

Dada_wa_Mbarara

MwanaKatwe, na zile hisa zako za senti 9 umeziacha tu?

MwanaKatwe

Nimeziacha. Kuuza ni kulipa ada ya dalali kisha nibaki na pesa ya kununulia viatu. Wiki iliyopita wametuma barua pepe, wanataka wenye hisa wapige kura ya kubadilisha jina la kampuni. Jina jipya halina neno lithiamu.

MamaChumvi

Sasa nimekujua. Hesabu yako ya vidimbwi viwili na mama aliyerithi kwa mama yake, upande wa kaskazini karibu na njia ya ng'ombe. Ukuta ulibomoka toka Machi na uliniambia kwenye simu utatuma shilingi laki nne na nusu za matope na vibarua. Imenyesha hapa tangu alfajiri, maji yanaingia kwako na yanapitiliza hadi kwangu. Dola za Argentina unazo, za ukuta ziko wapi?

MwanaKatwe

Mama, shikamoo. Natuma leo kabla ya saa sita.

Kijana_wa_Kikuubo

Tuma na ya kutolea.